Mpunga mwitu wa Ruvu: tunaulea shambani, tunauangamiza bondeni

Mkulima wa mpunga wa Bagamoyo, kwenye bonde la mto Ruvu, ana maadui wengi wanaojulikana kwa sura. Kwelea kwelea wanasikika kabla hawajatua. Panya wanaacha njia zao kwenye tuta. Ugonjwa wa kimyanga unajitangaza wenyewe pale jaruba linapogeuka manjano katikati ya msimu. Mpunga mwitu haujitangazi. Unaota pamoja na mpunga uliopandwa, unakula mbolea ileile, unanyanyuka kwa kasi ileile, na hadi utoe suke hakuna mpita njia atakayekuambia kwa yakini upi ni upi. Ukishatoa suke, punje zake zinapukutika na kuzama kwenye tope kabla mundu haujafika. Msimu unaofuata zinaota tena, nyingi kuliko mwanzo.

Naliandikia gugu hili kwa sababu naona tunalitendea kinyume mara mbili. Ndani ya majaruba, ambako linapaswa kung'olewa hadi kipande cha mwisho, tunalilea: tunalipanda kwa mbegu chafu, tunalisambaza kwa pawatila, tunalinywesha kwa mifereji isiyosafishwa. Nje ya majaruba, kwenye madimbwi na kingo za mto ambako ni mali ya asili ambayo mataifa mengine yameshaitumia kujitajirisha, tunalifuta bila hata kuweka punje za akiba. Mazungumzo haya mawili huwa hayakutani. Bwana shamba anaongelea gugu, mhifadhi anaongelea viumbe vya porini, na kila mmoja ana ofisi yake na bajeti yake. Lakini mmea ni mmoja na bonde ni moja, na pande zote mbili za kosa hili zina asili moja: tumemwachia mkulima mmoja mmoja jambo linalohitaji uamuzi wa bonde zima.

Tuanze na mmea wenyewe. Tanzania ina angalau jamii nne za mpunga unaoota wenyewe, na kwa mkulima wa mabondeni mbili ndizo zenye uzito. Ya kwanza wanasayansi wanaiita Oryza longistaminata. Huishi miaka mingi, hufikia urefu wa mita mbili na zaidi, na nguvu yake iko chini: ina mashina yanayotambaa ndani ya udongo, na kila pingili ya shina hilo ikikatwa inaweza kuchipua mmea mpya. Ya pili ni Oryza barthii, ambayo huota, huzaa na kufa ndani ya mwaka mmoja, lakini humwaga punje zenye ndevu ndefu na ngumu ambazo zinaweza kulala kwenye udongo zikisubiri msimu unaozifaa. Moja inakushinda kwa mizizi, nyingine kwa mbegu. Anayezichanganya akadhani dawa ya hii ndiyo dawa ya ile hupoteza nguvu zake bure.

Na kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani hatulisemi mara nyingi. Kati ya mpunga tunaoupanda na mpunga mwitu, mgeni ni huu tunaoupanda. Mpunga wa Asia ulifika huku kwa majahazi na biashara ya Bahari ya Hindi. Wanaakiolojia waliochimba Chwaka, kisiwani Pemba, walikuta kwamba kuanzia karne ya 11 mpunga ulikuwa umeshika nafasi ya mbele kwenye chakula cha watu wa pale, ilhali Tumbe, mji uliotangulia Chwaka kisiwani humo, uwele ndio uliotawala. Mpunga mwitu wa Afrika ulikuwapo mabondeni kabla ya yote hayo. Umezoea mafuriko yetu, ukame wetu, udongo wetu na wadudu wetu kwa muda ambao hakuna mbegu ya dukani inayoweza kuudai. Ndiyo maana ni mgumu kuutoa, na ndiyo maana pia ni hazina.

Kwa nini gugu lifanane hivi na zao? Kwa mpunga mwitu sehemu ya jibu ni undugu wa damu. Sehemu ya pili ni mkono wa mpalizi. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi aliyefia gerezani Saratov mwaka 1943, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri. Aliona kwamba mazao kama rai na oti yalianza yakiwa magugu ndani ya mashamba ya ngano na shayiri. Kila mwaka wakulima waling'oa magugu yaliyotofautiana na zao na kuyaacha yaliyofanana nalo, bila kukusudia. Kizazi baada ya kizazi, yaliyobaki yakazidi kufanana na zao, mpaka mengine yakawa mazao yenyewe. Katika mashamba ya mpunga duniani jambo hili limeonekana hata kwa nyasi zisizo na undugu wa karibu na mpunga, zile za jamii ya Echinochloa, ambazo baadhi yake zimebadilika kimo na mkao hadi jicho lililozoea linadanganyika. Mwenye ujuzi hutazama pale jani linapoachana na shina: mpunga una kijiulimi cheupe, Echinochloa haina. Kwa mpunga mwitu hata alama hiyo haitoshi, maana nao una kijiulimi. Kile cha longistaminata ni kirefu na chenye ncha, lakini nani mwenye muda wa kupima kijiulimi kimoja kimoja amesimama kwenye maji yanayofika magotini?

Kwa hiyo palizi ya mkono, tunayoisifu kama kazi safi isiyo na sumu, kwa gugu hili ina upande wa pili. Inachuja. Inaondoa mpunga mwitu unaoonekana na kuuacha unaojificha. Sisemi akina mama wanaopalilia waache. Nasema tusiwatwike jukumu la kulimaliza gugu ambalo palizi yenyewe inalifundisha kujificha, kisha shamba likichafuka tukasema hawakupalilia vizuri.

Wakristo wanaujua mfano wa magugu yaliyopandwa na adui usiku ndani ya shamba la ngano. Wataalamu wengi wanaamini gugu lile ni Lolium temulentum, nyasi ya Mashariki ya Kati ambayo ikiwa changa haitofautiki na ngano. Katika mfano ule mwenye shamba anaagiza vyote viachwe vikue hadi mavuno, ndipo vitenganishwe. Kwa shamba lile ushauri ulikuwa na akili, kwa sababu punje za gugu lile hubaki kwenye suke hadi mvunaji afike. Ukifanya hivyo kwa mpunga mwitu umekwisha. Siku ya mavuno hakuna cha kutenganisha, punje zimeshaanguka chini. Kushika punje kwenye suke ndiko kulikotofautisha zao na pori tangu mwanzo. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba badiliko dogo mno katika jeni moja ya mpunga, iliyopewa jina sh4, ndilo lililochangia sana kuufanya mpunga wa Asia usipukutike. Tofauti ndogo namna hiyo ndiyo inayoamua kama punje itaingia ghalani au itaingia kwenye tope.

Sasa dawa. Kila msimu unapokaribia, maduka ya pembejeo hujaa watu wanaotafuta kitu cha kupulizia. Mkulima anaeleza shida yake, anapewa chupa. Mara nyingi ni 2,4-D, ambayo huua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi. Wakati mwingine ni dawa inayoua nyasi kama Echinochloa bila kuudhuru mpunga, na kwa kuwa haiudhuru mpunga, haiudhuru ndugu yake wa damu. Dawa inayoua kila kijani, kama glaifoseti, itaua mpunga mwitu na mpunga wako pamoja. Nafasi yake ni kabla ya kupanda tu, na hata hapo mashina yaliyo chini ya udongo yanaweza kuchipua tena. Mkulima anayenunua chupa ya pili na ya tatu akidhani ya kwanza ilikuwa feki anastahili kuelezwa ukweli huu pale pale dukani. Hakuna dawa ya kawaida inayochagua kati ya mpunga na mpunga.

Marekani walijaribu kuvuka ukuta huo. Mwaka 2002 iliingia sokoni mbegu ya mpunga iliyotokana na utafiti wa Louisiana, isiyodhuriwa na kundi moja la dawa za magugu. Haikuwa imepandikizwa jeni ya kiumbe kingine. Ilipatikana kwa kuzitibu mbegu za mpunga kwa kemikali ili zibadilike, kisha kuchagua mimea iliyoivumilia dawa. Kwa misimu michache mashamba yalisafika. Kisha mpunga-gugu wa kule, ule wenye punje nyekundu, ukachavushana na mbegu hiyo na kuchukua uwezo wa kuvumilia dawa ileile. Huo ulikuwa mpunga-gugu wenye damu karibu sawa na ya zao. Wetu wa mashina ya chini una vizuizi zaidi. Ukichavushana na mpunga wa Asia, vijusi vingi vinakufa ndani ya punje kabla havijakomaa. Vingi, si vyote. Anayetaka kutuletea mbegu za namna hiyo kwenye skimu za umwagiliaji za Ruvu ajibu kwanza swali hili: gugu litakapoipata kinga hiyo, nani atabeba gharama?

Gharama si ndogo hata leo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2009 yaliweka hasara ya magugu kwenye mpunga wa Afrika kusini mwa Sahara kuwa angalau tani milioni 2.2 kwa mwaka, zenye thamani ya dola bilioni 1.45, takriban nusu ya mchele wote ambao eneo hilo lilikuwa likiagiza kutoka nje wakati huo. Hayo ni magugu yote, si mpunga mwitu peke yake. Lakini mpunga mwitu unaongeza hasara ambazo magugu mengine hayana. Punje nyekundu zikiingia kwenye gunia, mnunuzi mashineni anazishika kiganjani na bei inashuka. Mpunga mwitu wa mashina ya chini pia unaweza kubeba kirusi cha kimyanga, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1966 na ambao sasa uko katika mabonde mengi ya Tanzania. Kwa hiyo kichaka cha mpunga mwitu kwenye ukingo wa mfereji kinaweza kuutunza ugonjwa wakati wa kiangazi, wakati majaruba ni matupu, na kuurudisha masika.

Nikifika hapa wengi hutarajia niseme tatizo ni mkulima asiyefuata kanuni bora. Sikubaliani. Mkulima mwenye ekari moja anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akavuna mpunga mwitu, kwa sababu milango unayopitia iko nje ya jaruba lake.

Mlango mkubwa ni mbegu. Wengi wetu hupanda punje zilizobaki ghalani, au za kuazima kwa jirani, au za kununua sokoni ambazo zilivunwa ziliwe. Sioni aibu ndani ya hilo, ni uchumi. Mbegu iliyothibitishwa inagharimu, na mara nyingi inachelewa. Lakini mpunga uliopurwa kwenye jaruba lenye barthii una ndevu zake ndani, hata kama punje nyingi zimeshaanguka shambani, na kuupanda ni kulipanda gugu kwa mkono wako mwenyewe. Tanzania tayari ina njia ya katikati: utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambapo wakulima waliosajiliwa huzalisha mbegu karibu na wanakoishi wenzao na kukaguliwa chini ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kwa maoni yangu kila skimu ya mpunga ya Bagamoyo na Chalinze ingekuwa na kikundi kimoja cha namna hiyo, kwenye majaruba yaliyotengwa juu kabisa karibu na banio, ambako maji yanaingia kabla hayajapita kwa mtu mwingine. Fedha ya kuanzisha kikundi hicho ni ndogo mno ukiilinganisha na zege la mfereji.

Mlango wa pili ni mashine. Pawatila inapovuruga jaruba lenye longistaminata, visu vyake vinakata yale mashina ya chini vipande vipande, na kila kipande chenye pingili kinaanza maisha mapya. Kisha mashine ileile, na tope lake kwenye magurudumu, inahamia kwa jirani siku hiyohiyo kwa sababu foleni ni ndefu. Mashine za kuvunia nazo husafiri kutoka skimu hadi skimu kufuata mavuno, na punje zinabaki kwenye matundu yake. Kuosha mashine kwa maji na brashi kabla haijavuka tuta la shamba lingine ni kazi ya dakika chache. Sijasikia mkataba wa kukodi mashine unaolitaja jambo hilo.

Mlango wa tatu ni maji, na hapa ndipo mkulima mmoja hana ujanja kabisa. Ukingo wa mfereji hauna mwenyewe. Mpunga mwitu unaoota pale unamwaga punje zake majini, na maji yanazigawa kwa haki kamili hadi jaruba la mwisho. Anayelima mwisho wa mfereji hupata maji kidogo na mbegu za magugu nyingi. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 inavitambua vyama vya wamwagiliaji, na kusafisha mifereji ni kazi yao. Tatizo ni kwamba usafi huo hufanywa kwa kufikiria maji yapite, si kwa kufikiria gugu lisizae. Fyeka ikifanyika baada ya masuke kutoka, mfereji unasafika na mbegu zinasambaa. Tarehe ya kufyeka ndiyo kila kitu, na inapaswa kuandikwa kwenye sheria ndogo za skimu: kabla ya maua, kwa wote, wiki moja.

Ndani ya jaruba kuna mbinu zinazofanya kazi bila chupa yoyote. Shamba la mashina ya chini lilimwe kiangazi, mashina yageuzwe juu yakauke na jua kali, yakusanywe na kuchomwa, badala ya kuvurugwa yakiwa kwenye maji. Shamba la barthii linyweshwe mapema, gugu liachwe liote, liuawe, linyweshwe tena, liuawe tena, ndipo mche ukaingia. Upandikizaji wa mistari una faida moja isiyotajwa vya kutosha: kilichoota katikati ya mstari na mstari si mpunga wako, hata kifanane nao vipi, na kijana ambaye hajawahi kulima anaweza kuambiwa hivyo akapalilia sawasawa. Aina fupi kama SARO 5, iliyotolewa rasmi mwaka 2002 kwa jina la TXD 306, huuacha mpunga mwitu ukining'inia juu ya shamba unapotoa suke. Ndani ya Supa, ambayo ni ndefu, unajificha hadi mwisho. Najua Supa ina harufu na ina bei, na sitamwambia mtu aiache. Lakini jaruba lililochafuka lipumzishwe Supa kwa msimu mmoja au miwili.

Yote haya yanataka maji yanayofika kwa wakati na majirani wanaokubaliana. Kunywesha shamba mara mbili kwa ajili ya kuua magugu tu, wakati wenzako wanagombea zamu ya maji, hakuwezekani bila chama kupanga. Tangu mwaka 2022 serikali imeongeza sana fedha za umwagiliaji, na nafurahi kwa dhati kila ninapoona banio likikarabatiwa. Ila skimu mpya ikijengwa bila mpango wa mbegu safi na wa kingo safi, tunalijengea gugu makazi ya kudumu, yenye maji mwaka mzima.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili inanikera zaidi, kwa sababu haina hata watu wa kuilalamikia.

Miaka ya 1970 watafiti nchini India waligundua kwamba mmea mmoja wa Oryza longistaminata uliotoka Mali haukushikwa na ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga, ugonjwa ulioitesa Asia kwa muda mrefu. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, iliyoko Ufilipino, ikatumia miaka mingi kuhamisha kinga hiyo kwenye mpunga wa kulimwa kwa njia ya kuchavusha. Mwaka 1995 timu ya Pamela Ronald katika Chuo Kikuu cha California, Davis, ikaitenga jeni yenyewe, Xa21. Chuo kikachukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi huo. Ronald na wenzake waliona si haki Mali iachwe hivihivi, wakaanzisha mfuko ambao ungelipwa na kampuni zitakazoitumia jeni hiyo, ili kuwasomesha wanafunzi kutoka nchi mmea ulikotoka. Kampuni zilizochukua leseni hazikufikisha bidhaa sokoni, na fedha iliyotarajiwa haikuja. Nia njema ilikuwapo, lakini Mali haikuwa mezani jeni ilipokuwa inatengwa, na hapo ndipo thamani huamuliwa.

Habari ya pili ni mpya zaidi na ni kubwa zaidi. Watafiti wa Yunnan, China, wakiongozwa na Fengyi Hu, waliuchukua mpunga mwitu wa Afrika, huuhuu wa mashina ya chini tunaoulaani, wakauchavusha na RD23, aina ya kulimwa kutoka Thailand. Kijusi kimoja kikaokolewa, na kutoka kwenye uzao wake, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuchagua, ikatoka PR23, mpunga unaopandwa mara moja ukavunwa misimu mingi. Ulitolewa kwa wakulima mwaka 2018. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha mavuno manane mfululizo ndani ya miaka minne kwa upandaji mmoja, kwa wastani wa tani 6.8 kwa hekta kila mavuno, wakati mpunga uliopandwa upya kila msimu ulitoa tani 6.7. Katika kila msimu wa kuchipua upya, kazi ilipungua kwa asilimia 58 na gharama za pembejeo karibu nusu. Mwaka 2021 wakulima wadogo zaidi ya 44,000 wa kusini mwa China walikuwa wakiulima.

Fikiria maana yake kwa mama wa Ruvu, ambaye kila msimu huanza upya kitalu, kung'oa miche, kuinama na kupandikiza. Wakulima wetu wanajua maotea. Wengi wameshavuna kidogo kilichochipua baada ya mavuno makuu. Mpunga wa Yunnan ni maotea yaliyofanywa kuwa kilimo kamili, na uwezo huo umetoka kwenye mmea wa Afrika. Unahitaji maji ya uhakika na kinga ya baridi kali, na pwani yetu haina baridi hiyo. Wala siuoni kama muujiza: shamba lisilolimwa kwa miaka minne lina shida zake za magugu na magonjwa, na ungeingizwa leo kwenye jaruba lenye longistaminata, usingejua ung'oe kipi. Hilo ni jambo la kuliwazia kabla, na linaturudisha kwenye mbegu safi na kingo safi.

Kinachonikera ni kwamba kila bonde lina mpunga mwitu wake. Mmea ulioleta Xa21 ulikuwa wa Mali, na mimea ya bonde la Ruvu imeishi kwenye udongo mwingine na maji mengine, karibu na mlango wa mto ambako maji ya bahari hupanda na kushuka. Huenda ndani yake kuna uvumilivu wa chumvi au wa kimyanga, huenda hamna. Hilo linajulikana kwa kukusanya na kupima tu, na kinachokusanywa ni lazima kiwe bado kipo. Kingo za Ruvu zinageuzwa mashamba ya miwa, viwanja, malisho na machimbo ya mchanga. Juu ya mto Bwawa la Kidunda linajengwa kwa ajili ya maji ya Dar es Salaam, na naliunga mkono, watu wanahitaji maji. Lakini bwawa hubadilisha mafuriko ya chini, na mimea ya bonde la mafuriko huishi kwa kupanda na kushuka kwa maji hayo. Tathmini za mazingira huwahesabu viboko na mamba. Mpunga mwitu hauingizwi kwenye orodha kwa sababu anayeandika orodha anauona kama majani.

Nchi haianzi na mikono mitupu. Arusha kuna Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Kijenetiki za Mimea. Ifakara na Dakawa kuna watafiti wa mpunga wa TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wanaoujua mmea huu vizuri. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, ambao umeuweka mpunga, pamoja na ndugu zake wa porini, kwenye mfumo wa kugawana. Mfumo huo unampa nafasi mwenye kitu cha kuleta na watafiti wa kukichambua. Nchi yenye mpunga mwitu usiokusanywa haina cha kuleta.

Mapendekezo yangu kwa halmashauri za Bagamoyo na Chalinze ni mawili na yafanywe pamoja. Vyama vya wamwagiliaji viweke kwenye sheria ndogo tarehe moja ya kufyeka kingo kabla ya maua, uoshaji wa mashine, na kikundi cha mbegu cha kila skimu, na maofisa ugani wapimwe kwa hayo kama wanavyopimwa kwa idadi ya mafunzo. Wakati huohuo zitengwe sehemu chache za bonde zilizo mbali na majaruba, chini ya mkondo, ambako maji hayarudi kwenye mifereji, mpunga mwitu uachwe humo uzae. Ng'ombe wanaweza kula humo baada ya punje kuanguka. Wafugaji wanajua kwamba ni malisho mazuri na watakuwa walinzi wa kwanza ikiwa watashirikishwa tangu siku ya kuchora mipaka. Watafiti waje wakusanye mashina na punje masuke yanapokomaa, wafunge mifuko ya wavu kwenye masuke kabla hayajapukutika, waandike jina la kijiji kwenye kila pakiti, na nakala ya orodha hiyo ibaki halmashauri. Jina la kijiji ndilo litakaloonyesha mmea ulitoka wapi siku jeni ya Ruvu itakapotafutiwa hataza mahali fulani.